Vidole Vinne vya Mkono wa Kulia

Mashine ya polisi pale Sib inataka vidole vinne
vilale sawa juu ya kioo.
Cha mwisho cha baba hakilali.
"Bonyeza, mzee." Anabonyeza.
Kidole kinabaki juu
kama mtoto aliyekataa kulala mchana.
Taa nyekundu. Rudia.

Askari ni kijana, masharubu bado yanajifunza kuota.
"Kilivunjika lini?"
"Mara ipi?" anauliza baba.

Mara ya kwanza Wadi Kabir,
uwanja wa changarawe, katikati ukanda wa saruji
na mkeka uliopigiliwa misumari.
Tufail, siku sita dereva wa lori la maji,
ya saba mrusha mipira ya kasi,
alirusha mmoja ukala kichwa cha msumari
ukabadili nia njiani.
Baba aliudaka kwanza. Ndipo akapiga kelele.

Mara ya pili taa zilizimika, mpira haukungoja.
Ya tatu haisemi.

Miaka kumi na saba alichutama nyuma ya vijiti vitatu.
Kampuni ya saruji ilimwandika karani wa stoo,
na stoo yenyewe hakujua mlango wake uko upande gani.
Alilipwa kudaka.
Bibi Zuwena, aliyeshuka Maskati
na Kiswahili cha Wete na mbuzi ya kukunia nazi,
aliwaambia majirani:
"Mwanangu kaajiriwa kuchutama.
Mshahara anapata, na bima ya magoti."
Bima ya magoti haikuwemo.

Ova hamsini ni mipira mia tatu.
Chutama mia tatu, inuka mia tatu,
Ijumaa kwa Ijumaa, na Juni ile
inayochemsha maji ndani ya mabomba.
Mama hakukanyaga uwanjani hata siku moja.
Yeye alikuwa na ndoo ya barafu, bafuni,
na hakuuliza nani kashinda;
alitazama tu vidole vinaingia vingapi
na vinatoka na rangi gani.

Ukidaka mia mbili tisini na tisa, umefanya kazi yako, kaoge.
Ule mmoja una jina.
Ule mmoja mpaka leo unanywewa chai ya karaki Ruwi:
Zahran alimwachia Prakash akiwa na kumi na mbili,
Prakash akaondoka na mia na tatu,
na kombe akaondoka nalo.
Wanamsimulia mbele yake. Anawaongezea sukari.

Alidaka na maneno pia.
Kiurdu kwa warushaji, Kibaluchi kwa mwamuzi,
Kimalayalam cha matusi, kwa tahadhari.
Kiswahili alimwekea mpira peke yake.
Niliwahi kukaa karibu na kamba, nina miaka minane,
nikamsikia, chini chini, mpira ukiwa bado hewani:
"Njoo, baba. Njoo nyumbani."
Kumi na mmoja wenzake, wa akiba akiwemo,
hakuna aliyejua anaongea na nani.
Mimi niliona wivu.

Bibi alikuwa akinieleza kidaka,
kile kishubaka ukutani, nyumba za kwao,
cha kuwekea taa na bakuli la maua.
Nyumba yetu ya Mawaleh ina kuta za bloku, laini, hazina kitu.
Nikamwambia: sisi tunacho, kimoja,
kinarudi jioni kinanuka ngozi na jasho.

Taa nyekundu. Rudia.
Foleni nyuma yetu inakohoa.
Askari anageuza skrini tuone:
mfumo una maneno mawili tu,
*kipo*, au *kimekatwa*.
Anamtazama baba kama anayeomba radhi.
"Andika kimekatwa," baba anasema.
"Hata mimi kuna siku nilimwomba daktari hivyo."

Bofya. Kijani. Kadi itatoka baada ya dakika kumi.

Njia nzima anaendesha yeye,
anacheka peke yake kila tukifika mzunguko,
na kidole ambacho serikali haikitambui
kimesimama wima juu ya usukani,
kinaonyesha kushoto
hata tunapokata kulia.